Damu Iliyohama Mkono

Ijumaa, tarehe 3 Mei

Nimeona! Damu ya Inspekta imehama mkono.

Niandike ilivyokuwa, kabla hajatokea mtu wa kudai aliiona kwanza. Tamthilia ya Shahidi wa Pili, sehemu ya tisa, saa moja jioni. Inspekta anainama kumtazama marehemu. Damu inamgusa shati, mkono wa kushoto, karibu na kifungo. Anasimama. Anatoka nje. Anawasha gari. Damu iko mkono wa kulia! Nilipiga kelele hata mke wangu akatoka jikoni na mwiko, akidhani nimeungua. Nikamweleza. Akasema basi atakuwa amejifuta mkono kwa mkono, akarudi kwenye sufuria yake.

Mimi ni dobi. Huu mwaka wa ishirini na sita nafua na kupiga pasi nguo za watu. Doa nalijua. Madoa yangekuwa yanahama, ningekaa tu kuyasubiri yashuke hadi kwenye pindo.

Wiki iliyopita gazeti lilichapa barua ya Bwana Rula kuhusu saa ya ukutani ya kituo cha polisi, iliyorudi nyuma dakika ishirini huku mshukiwa anahojiwa. Bwana Rula ni mwalimu mstaafu wa hesabu, jirani yangu na mteja wangu, mtu anayepima mkunjo wa suruali kwa rula yake mbele ya wateja wengine. Saa ile niliiona mimi! Nilimsimulia nikiwa namnyooshea shati, kwa nia njema. Siku ya nne iko gazetini, jina lake chini, na maneno "katika uchunguzi wangu".

Sasa zamu yangu.

Jumamosi, tarehe 4 Mei

Nimeandika barua dukani, juu ya meza ya pasi. Nimetumia jina la kubuni, maana Bwana Rula akijua ni mimi atasema yeye ndiye aliyeniambia. Jina: Jicho la Kipanga. Kwanza nilifikiria Mwewe, lakini mwewe anaiba vifaranga.

Nimeeleza habari ya damu kwa utulivu. Mwishoni nimesema kwamba mtu aliyepewa kazi ya kuangalia mambo haya ama amelala ama hajui kushoto kwake na kulia kwake, na afadhali apewe mawe achunge. Mstari huo umenifurahisha. Niliusoma mara nne. Mara ya nne nikasikia harufu. Pasi ilikuwa imekaa juu ya mfuko wa sare ya mkunga. Sasa mfuko una picha ya pasi, ncha na yote. Nimemwambia ni mtindo mpya. Hakucheka.

Kwa kuwa mkono ulishapata moto, nimeandika na ya pili. Koti la Inspekta: vifungo vinne mlangoni, vitatu kwenye ngazi, vinne tena chumbani. Nimetia zote katika bahasha moja na maelekezo kwa mhariri: ya kwanza wiki hii, ya pili wiki ijayo.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Imechapwa! "Damu Iliyohama Mkono." Hawakukata hata neno.

Nimelifungua gazeti ukurasa ule ule na kuliacha mezani, pale wateja wanapoweka nguo. Karani wa posta amesoma akacheka. Mkunga amesoma akacheka, halafu akakumbuka mfuko wake. Bwana Rula ameingia, ametupa mashati yake juu ya barua yenyewe, akasema huyu Jicho la Kipanga ana macho lakini hana mpangilio wa hoja. Nikasema mimi naona ana vyote viwili. Akasema mimi si msomaji.

Mashati yake nimeyazidishia wanga. Kola zitasimama kama mbao.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Msiba. Si wa kufa mtu, bado.

Shemeji amekuja jioni. Ni mdogo wake mke wangu, yule aliyeacha kazi benki mwezi wa pili akasema anakwenda kufanya kazi ya filamu. Siku ile alitueleza kazi yenyewe kwa saa nzima. Mimi nilikuwa naangalia televisheni. Nilibaki na wazo kwamba anawapikia chai.

Hapiki chai. Kazi yake ni kukaa kando ya kamera na daftari, kuangalia kwamba vitu havibadiliki kati ya picha na picha. Kikombe kilikuwa wapi. Nywele zililala upande gani. Damu iko mkono upi. Katika Shahidi wa Pili!

Alikaa kwenye kochi letu, viatu bado miguuni, akilia bila sauti. Mwongozaji wao ameisoma barua mbele ya watu wote, mpaka pale pa kuchunga mawe. Watu wamecheka. Kisha shemeji akaambiwa: barua nyingine ya namna hii, arudi alikotoka. Na benki walishajaza nafasi yake.

Kumbe Inspekta mwenyewe alivua lile shati kwa sababu lilimwasha. Akavaa la akiba, na la akiba likapakwa damu na mtu mwingine, wakati shemeji ametumwa kutafuta betri.

Mke wangu akauliza huyo Jicho la Kipanga ni mtu wa namna gani, hana kazi, hana mke? Nikasema huenda anao. Kisha nikamlaani. Nilisema watu wa aina hiyo wachapwe viboko hadharani. Mke wangu akanitazama. Nikapunguza, nikasema waonywe.

Hapo ndipo nilipokumbuka barua ya pili.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Nimefunga duka mapema, nimekwenda gazetini. Mapokezi kuna dada mmoja mwenye sauti ya upole na msimamo wa chuma. Amesema barua ikishaingia ni mali ya mhariri. Nikasema mwandishi amebadili mawazo. Akasema basi aje mwenyewe. Nikasema hawezi. Akauliza kwa nini.

Ningeweza kusema anaumwa. Ningeweza kusema amesafiri. Safari zipo za kila aina. Nikasema amefariki.

Yule dada akasimama. "Jamani! Lini?"

"Juzi. Ghafla."

"Na wewe ni nani wake?"

"Tulikuwa karibu sana."

Akaniletea maji. Akamwita mhariri. Mhariri akaja akavua miwani, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Alisema barua za marehemu zilikuwa na uhai. Akauliza maziko ni lini. Nikasema yameshapita, yalikuwa ya watu wachache. Nilitoka pale nina huzuni ya kweli.

Barua sikupewa. Lakini hakuna tatizo. Nani anachapa vichekesho vya maiti? Mambo yamekwisha.

Jumanne, tarehe 14 Mei

Wamechapa.

Katikati ya ukurasa, ndani ya mstari mweusi mnene. "Jicho Limefumba." Maelezo ya mhariri: msomaji wetu mpendwa, aliyeondoka akiwa bado anaona. Chini yake barua yangu yote ya vifungo, na juu ya barua: "Maneno yake ya mwisho."

Wateja wamehuzunika. Karani wa posta amesema wazuri hawadumu. Bwana Rula ameingia na kitambaa cheusi begani. Anasema alimjua marehemu. Alimfundisha! Alikuwa kijana mwenye bidii, anasema, ila dhaifu kwenye pembe. Nikasema huenda pembe alikuwa anaziweza. Akaniuliza kama nilimfahamu. Nikainamia pasi.

Mtu kunyang'anywa saa ya ukutani ni jambo moja. Kunyang'anywa kifo chake mwenyewe!

Jioni shemeji amepiga simu. Mwongozaji hawezi kugombana na maiti, kwa hiyo anagombana naye. Anasema sasa kila nyumba inahesabu vifungo. Sehemu ya mwisho inarekodiwa kesho. Likionekana kosa moja tu, kwaheri. Na mpiga pasi wao amesusa.

Nikajitolea. Mke wangu akauliza kwa nini. Nikasema damu nzito kuliko maji. Akasema mdogo wake si damu yangu.

Jumatano, tarehe 14 Mei

(15! Nimekata. Hii si tamthilia.)

Nitaandika kwa mpangilio, ingawa siku yenyewe haikuwa nao.

Tumerekodi katika nyumba ya kukodi, sebule moja imejaa nyaya kama utumbo wa godoro. Inspekta ni mfupi. Ananifika begani! Anasimama juu ya kreti ya soda, na kreti inahamishwa kila akihama. Nimepewa chumba cha nyuma, meza, pasi, na amri moja kutoka kwa shemeji: "Nyosha unachopewa. Usichopewa usikiguse. Nakuomba, shemeji."

Nimemwangalia akifanya kazi. Sikutarajia. Anapiga picha kila kitu kabla hakijaguswa. Maji ya glasi anayapima kwa penseli. Mwigizaji aliyeinua kikombe kwa mkono wa kulia anakumbushwa, na akibisha anaonyeshwa daftari. Kwa saa tano nzima sikupata kosa hata moja, na nilitafuta. Nikaona aibu. Ilipita.

Saa tisa walipumzika kula. Nikarudi chumba cha nyuma. Juu ya kiti, kando ya mashati, kulikuwa na kitambaa cha mfukoni, cheupe, kizuri, pamba tupu. Kina doa jekundu kubwa katikati.

Mimi ni dobi. Sijui niseme nini zaidi.

Rangi ilikuwa ya sharubati; maji baridi, sabuni kidogo, limau nililoomba jikoni. Baada ya dakika kumi doa halikuwepo. Nikakitia wanga, nikakipiga pasi, nikakikunja mara nne. Nikakirudisha kwenye kiti. Nilijisikia mtu mwema.

Saa kumi wakaita onyesho la mwisho. Washukiwa wote sebuleni: daktari, mpangaji, mpwa wa marehemu. Kamera inakwenda. Inspekta anapanda kreti, anatoa kitambaa kwenye mfuko wa koti, anakikunjua taratibu mbele ya uso wa daktari.

"Damu hii," akasema kwa sauti nzito, "ni ya nani?"

Kitambaa cheupe kama maziwa. Mikunjo imenyooka kama mipaka ya ramani. Harufu ya wanga mpaka mlangoni.

Mwongozaji akavua kofia akaitupa chini. Akauliza ni nani. Nyuso zote zikageukia mlango wa chumba cha nyuma, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, aproni kifuani, pasi mkononi.

Kitambaa cha akiba hakuna. Rangi ya damu yote imekwisha kwenye shati la marehemu. Mwenye nyumba anataka sebule yake saa kumi na mbili. Mwongozaji akamgeukia shemeji na kuanza kumgombeza kwa sauti ya chini. Ile ya chini ni mbaya zaidi. Shemeji alikuwa amelikumbatia daftari. Nilimwona akitazama kitambaa, kisha daktari, kisha mimi. Sikupenda aliponitazama.

"Ngoja, kaka," akamwambia mwongozaji. "Damu ilikuwepo. Watu wameiona sehemu ya nane. Sasa haipo."

"Ndicho ninachosema mimi!"

"Basi aliyeitoa ndiye muuaji."

Mwongozaji akaokota kofia.

Shemeji akaendelea, haraka haraka. Tangu sehemu ya tatu kila mtu ameshajua ni daktari, hata magazeti yanasema. Lakini nguo za marehemu, nguo za daktari, shuka za mpangaji, zote zinakwenda kwa mtu mmoja. Anaingia kila nyumba kwa mlango wa nyuma, na hakuna anayemwangalia usoni.

"Dobi," akasema mwongozaji.

"Dobi," akasema Inspekta, juu ya kreti.

Nikasema mimi nina wateja wanaonisubiri.

Wamenisimamisha pale pale nilipokuwa. Inspekta akaja na kitambaa akakipeperusha puani kwangu, akauliza nani amefua ushahidi huu. Nilidhani ni mwongozaji ndiye anayetaka kujua, maana alikuwa nyuma yake akinikodolea macho. Nikajieleza kwa unyenyekevu. Nikasema, "Nilitaka tu kiwe safi."

Kamera ilikuwa inakwenda. Mwongozaji amelia machozi. Anasema katika miaka yake yote hajawahi kusikia muuaji akisema neno la kutisha namna ile.

Tukarudia mara tatu, kutoka pembe mbalimbali. Nimefungwa pingu za kweli.

Alhamisi, tarehe 16 Mei

Shemeji amepita dukani asubuhi. Amepandishwa cheo! Msimu ujao atakaa mezani na waandishi. Nikampongeza. Akasema asante, akakaa kwenye benchi la wateja, akaanza kuchezea kibanio cha kuanikia nguo.

Nilifikiri ni wakati mzuri wa kulisafisha jina la mtu ambaye hawezi tena kujitetea. Nikasema, unajua, nimemfikiria yule marehemu, Jicho la Kipanga. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Huenda hakujua kwamba upande wa pili kuna mtu.

Shemeji hakuinua macho.

"Marehemu amefua kitambaa changu jana, shemeji."

Pasi niliiweka chini. Nikauliza amejuaje. Akasema gazeti liliwapelekea barua yenyewe, na imeandikwa nyuma ya risiti za duka hili. Aliijua tangu Jumatatu. Nikauliza kama dada yake anajua. Akasema dada yake alijua pale kwenye kochi, niliposema viboko.

Nikasema nisamehe. Lilitoka dogo, kama kikohozi.

Akasema siku ile waliposoma pale pa kuchunga mawe, alikwenda chooni akakaa nusu saa, akisikia watu wanavyorudia maneno yale koridoni. Alisema bila hasira, kama anayesoma kutoka kwenye daftari. Hilo ndilo lililoniuma.

Akanitaka niahidi: Jicho la Kipanga haandiki tena. Nikaahidi kwa moyo wote. Aliondoka na shati la Inspekta. Nilimnyooshea bila malipo.

Ijumaa, tarehe 24 Mei

Sehemu ya mwisho. Sebule yetu imejaa majirani mpaka dirishani. Bwana Rula amekuja na kiti chake.

Nilipotokea mlangoni na pasi, watu walipiga mayowe. Mtoto wa jirani amelia. Niliposema "Nilitaka tu kiwe safi," mkunga aliyekuwa kando yangu alisogea. Mama mkwe amepiga simu kabla majina hayajaisha, akauliza kama wameshaniachia.

Majina yalipita. Jina la shemeji lilikuwa peke yake, herufi kubwa. Mke wangu alipiga makofi hadi bangili zikamvuka. Mimi niliandikwa "Dobi". Hilo tu. Ni sahihi.

Kuna jambo dogo. Siku ile, kati ya mara ya kwanza na ya pili, niliona kola yangu iko wazi. Mtu wa kazi yangu kukamatwa na kola wazi! Nikaifunga. Mara ya tatu joto likanizidi, nikaifungua. Shemeji alinikataza nisijiguse, lakini alikuwa anahesabu maji ya glasi. Leo kwenye televisheni: wazi, imefungwa, wazi. Sekunde nne.

Nikatazama nyuso zote. Hakuna aliyeona. Bwana Rula alikuwa anaandika kitu kwenye kiganja chake.

Jumanne, tarehe 28 Mei

"Kola ya Muuaji." Barua ya Bwana Rula, aya tano, na mchoro wa pembe! Anasema makosa ya namna hii ni ya mwigizaji asiye na nidhamu. Ameitoa "kwa heshima ya mwanafunzi wangu, marehemu Jicho la Kipanga".

Shemeji amecheka kwenye simu. Daftarini aliandika, "Aliambiwa asijiguse," na saa. Mwongozaji ameona. Hana neno na mtu.

Mke wangu anasema basi yameisha, sote tumepona, tushukuru. Ni kweli. Nashukuru.

Lakini asiye na nidhamu! Mimi! Na yule aliyefariki hawezi kujibu, nami nimeahidi. Nimefikiri mchana kutwa. Ahadi ilimhusu marehemu. Mtu anaweza kuwa ameacha mjane.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Barua ya mjane wa Jicho la Kipanga ilichapwa Jumanne. Fupi, ya heshima, ya mwanamke aliyeumia. Alisema mume wake hakuwahi kufundishwa na Bwana Rula, na kwamba kola hufunguka yenyewe kwenye joto. Yeye amefulia wanaume, anajua.

Leo nimepita gazetini kuulizia. Yule dada wa mapokezi amenipa pole, akanipa na bahasha ya kumpelekea mjane. Mwandiko naujua. Nimeifungulia dukani, mlango nimeufunga.

Bwana Rula anaomba radhi. Kurasa mbili! Anasema hajaoa, hakuwahi kukutana na mwanamke anayeona vitu vidogo. Anasema kwamba maneno ya mjane kuhusu kola ameyasoma akiwa amesimama, kisha akiwa amekaa. Anauliza kama itampendeza kunywa naye chai, mahali pa wazi, siku atakayochagua mwenyewe. Hakuna aliyewahi kulisifu jicho langu namna hiyo. Nimeisoma mara tatu.

Mke wangu ameikuta mezani. Amesema nivuke barabara sasa hivi, nikamwambie ukweli mzee wa watu, kabla hajanunua suti. Nimesema nitakwenda. Nitakwenda kweli, kesho au keshokutwa.

Kwanza nimemjibu. Mjane anashukuru kwa maneno mazuri. Angependa tu kujua, maana jambo hili limemkosesha raha tangu asubuhi, kwa nini ukurasa wa kwanza Bwana Rula ana miaka sitini na miwili, na ukurasa wa pili ana sitini na minne.